Leo Tumemwona Kwamboka Hadi Mwisho

Jumapili, Manga. Jioni, mvua imekatika sasa hivi.

Shajara, leo sina subira ya salamu. Naandika nikiwa jikoni kwa mama, chaji ya simu inakaribia kuisha, miguu ina matope, na moyo wangu umekataa kabisa kukaa mahali pake. Tumemwona Kwamboka hadi mwisho.

Hadi mwisho!

Kwa msomaji mgeni wa shajara hii ya mtandaoni, ambaye huenda amefika hapa akitafuta bei ya vitenge, niseme kwamba Kwamboka si Mkisii. Ni mwigizaji wa Marekani wa zamani, wa zile filamu za kuimba na kucheza zisizo na rangi, na alifariki kabla sijazaliwa. Jina lake halisi liliwashinda mama zetu kulitamka. Mama alikuwa msichana mdogo gari la sinema lilipokuja hapa sokoni Manga kutangaza sabuni, likatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala. Kwenye lile shuka akatokea mwanamke anacheza juu ya daraja, anavuka kwenda ng'ambo. Huku kwetu mtoto aliyezaliwa mama yake akivuka mto huitwa Kwamboka, basi wasichana wakambatiza papo hapo. Tangu siku hiyo akawa wao.

Sisi watoto tulimjua kabla ya kujua majina ya mawaziri. Mama alituonyesha jinsi anavyotazama nyuma kupitia begani kabla ya kuruka, jinsi anavyocheka kwa mabega, jinsi anavyokanyaga taratibu kana kwamba sakafu ina mtoto aliyelala. Tulikuwa na ng'ombe aliyeitwa Kwamboka kwa sababu ya maringo yake. Mama Ombati, rafiki wa mama tangu utotoni, alikuwa akienda kuchuma chai kwa mwendo wa Kwamboka, mpaka siku moja mumewe akamwuliza kama mguu unamuuma.

Lakini hadithi ilikuwa na kilema. Kwamboka anagombana na watu wa kwao, anabeba sanduku, anavuka daraja, anafika mjini, anaanza kuchezea watu jukwaani, kisha mvua inanyesha. Si kwenye filamu, ni hapa Manga. Mvua ya kwetu haibishi hodi. Mwenye gari alikunja shuka lake akaenda zake, na hakuileta tena filamu ile.

"Kisha?" tulikuwa tukimwuliza mama.

"Kisha tukalowa," alikuwa akitujibu.

Mwisho wenyewe niliusikia nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimeacha ndoa yangu Nakuru nikarudi na mtoto mgongoni, na wadogo zangu wa kiume walikuwa wamekwisha kuanza kuulizana huyu atakaa wapi na atalima wapi, maana binti akiolewa, shamba la baba yake si lake tena. Mama aliwasikiliza wote. Akawapakulia chakula, kisha akaanza kusimulia filamu, na safari hii hakukomea kwenye mvua. Alisema Kwamboka alichoshwa na mji, akavuka daraja kurudi, akagonga mlango wa mama yake, na mama yake akamfungulia bila kumwuliza swali hata moja. Akadai kwamba mwalimu mmoja aliyeiona filamu yote Kisumu ndiye aliyemhadithia.

Wadogo zangu waliacha mambo ya shamba, wakala. Nilipewa chumba, na baadaye kipande cha shamba chenye migomba.

Kwa hiyo nielewe. Kuna kurasa za mashabiki wake mtandaoni, nimejiunga na mbili. Shabiki mmoja anasifu sauti, mwingine miguu, mwingine anaandika insha nzima kuhusu kofia zake. Mimi huwa nawapa alama ya moyo wote, lakini sijawahi kuwaambia sababu yangu. Mimi nampenda kwa kuwa alirudi nyumbani.

Sasa sikia. Ninauza vitambaa mjini Kisii, katika duka la Bwana Harish. Marehemu mama yake alikuwa shabiki kama sisi, alikuwa akimwimba huku akishona. Wiki hii Bwana Harish alikuwa akipanga upya stoo, akakuta diski ya filamu yenyewe, nzima, haina hata mkwaruzo. Akainakili kwenye flashi akanipa.

"Chukua, Kerubo," aliniambia. "Kaangalie na mama yako, si peke yako."

Nilirukaruka pale dukani mpaka mteja akaacha kupimiwa kitambaa. Siku hiyo nilipanda hadi Kiogoro, kwenye chumba ninachopanga siku za kazi, nikiimba njia nzima.

Kisha hofu ikaja.

Je, kama mwisho si ule? Nakiri, kuna jioni nilichomeka flashi kwenye kompyuta ya jirani, nikaichomoa kabla haijafunguka. Televisheni kubwa pale nyumbani ni ya mdogo wangu Ogeto. Ingebidi tuangalie kwake, naye akiwemo. Na Ogeto ana mtoto wa kiume anayekua, na miezi ya karibuni amekuwa akipita kando ya migomba yangu akiitazama kwa jicho la mtu anayepima. Hajasema kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsemea moyoni, tena maneno makali.

Lakini ningemnyimaje mama filamu yake?

Basi leo baada ya chakula cha mchana walikuja, mama na Mama Ombati na wenzao wa kikundi chao cha akina mama, kila mmoja na leso safi, utadhani wanaenda kupokea mgeni uwanja wa ndege. Mke wa Ogeto alileta chai na viazi vitamu. Picha ilipotokea na daraja likaonekana, vikombe vyote viliwekwa chini.

Sijui nikuelezeje. Ni mzuri kuliko mama alivyosimulia, na mama hakuwahi kubana sifa. Alipotazama nyuma kupitia begani, wale akina mama wote wenye magoti mabovu walitazama nyuma pamoja naye. Mama Ombati alisimama kabisa. Mzee wa kanisa angepita pale, angelazimika kuitisha kikao. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, sijui kipi kilitangulia.

Na amini usiamini, Kwamboka alipofika mjini, akapanda jukwaani tu, mvua ikashuka juu ya mabati kwa kishindo. Tuliongeza sauti hadi mwisho, hatukusikia hata neno.

"Huyu mvua ametufuata," Mama Ombati alisema. "Lakini leo tuko ndani. Hatutoki."

Wakaanza kuimba wenyewe, wimbo wa kwetu wa harusi, wakimpigia Kwamboka makofi, mdomo wake kwenye picha ukiimba mengine kabisa. Na miguu ile ilikubaliana na makofi, naapa. Nimekuwa na furaha nyingi maishani lakini ya leo sikuwa nimewahi kuionja.

Kisha akatokea pale darajani na sanduku lake. Kidole changu kilikuwa mdomoni. Nilisema kimoyomoyo, vuka, dada, vuka. Akatazama upande wa kwao muda mrefu. Akatabasamu. Akageuka, akarudi mjini akicheza, taa zikawaka, watu wakamrushia maua, ikaisha.

Hakurudi. Hakuna mlango, hakuna mama.

Nilitazama sakafu. Nilihisi Ogeto ananitazama, halafu nikamsikia akiuliza kwa sauti ya juu ili ashinde mvua.

"Mama, mbona sijaona mlango?"

Mama Ombati alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. "Mlango gani? Mimi ndiye nilisema huyu atarudi kwao. Mama yako alinikatalia tangu tukiwa wasichana, eti huyu amekwenda amekwenda. Tumebishana na yeye mpaka tukazeeka. Leo amenishinda."

Nikamtazama mama. Alikuwa anakunja leso yake magotini, hana wasiwasi wowote.

"Ee, nilijua hatarudi," alisema. "Mtu anacheza namna hiyo arudi kufanya nini? Lakini wangu alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama hapo na mtoto, na nyinyi mnaulizana shamba. Mlitaka niwaambie nini?"

Na yule mwalimu wa Kisumu? Hakukuwa na mwalimu.

Miaka yote nimemshukuru mwanamke wa Marekani kwa jambo ambalo hakulifanya, na aliyelifanya alikuwa akinipakulia ugali. Nilikwenda nikakaa chini karibu na miguu yake kama mtoto, naye akanisogeza kwa goti kwa sababu nilikuwa nimemzibia televisheni, majina ya mwisho bado yakipita.

Mvua ilipopungua Ogeto alichukua rimoti akarudisha nyuma kidogo. Alisema hatukuusikia wimbo wa mwisho na ni vibaya kumwacha mtu akiimba peke yake. Tukausikia. Sauti yake ni nyororo, ina mkwaruzo kidogo mwishoni, na sasa nawaelewa wale wanaoandika insha. Nampenda vilevile, hata zaidi, na simlaumu kwa kutorudi.

Tulipokuwa tunatoka, Ogeto alinishikia mwavuli hadi kwa mama. Mlangoni akasafisha koo.

"Ndizi zako zimeinama sana," akasema. "Kesho asubuhi nitakuja na miti tuziegemeze kabla upepo haujaziangusha."

Nimempigia Bwana Harish sasa hivi kumwambia kesho nitachelewa dukani.