Bamia ya Mama Imeshinda

Anand, tarehe 12 mwezi wa nane

Kwako Dada Jivi mpenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Magoti bado yanakusumbua mvua ikinyesha? Mjukuu ameshaota meno? Sisi huku wazima, ila vidole vyangu vinawasha usiku na mchana, maana bamia hazina huruma na ngozi.

Dada, tumeshinda! Jana wakulima wa vijiji tisa waliletwa hapa kituo cha utafiti wa mazao ninakofanya kazi, kuona shamba letu. Kushoto na kulia bamia za kawaida zilikuwa na majani ya manjano kama binzari kwa ugonjwa unaoletwa na inzi weupe, nao wamejaa. Katikati mistari yetu sita imesimama, kijani tupu. Mzee mmoja akachuma bamia, akaivunja ncha, ikalia tap! Akamwambia mwenzake, "Hii hata mama mkwe wangu hatapata la kusema."

Hujui kazi hii ilivyoanza. Miaka mitano iliyopita nilimpa mtaalamu wetu, Bwana Vasavada, mbegu za bamia ya marehemu mama, ile yenye manyoya ya kuchoma, ambayo haikuugua hata mwaka ule majirani walipong'oa zao zote. Akaniagiza niichanganye na bamia laini ya sokoni. Jioni nikawa natoa sehemu za kiume kwenye matumba ya ile laini na kuyafunika kwa karatasi. Asubuhi nayapaka chavua ya ile ya mama.

Katika kizazi cha kwanza haukuugua hata mmea mmoja, lakini mimea yote ilikuwa na manyoya! Mongi, mwenzangu wa kazi, akanicheka: "Kanku, umezaa mabinti wenye ndevu!" Nililia. Bwana Vasavada akaniambia ulaini haukupotea, umejificha tu, kama macho ya babu yanavyomruka mtoto yakatokea kwa mjukuu. Tukapanda mbegu zao. Mingine ikaugua, mingine ikabaki na manyoya, lakini katika kila mimea kumi na sita, kama mitatu ilikuwa mizima na laini. Niliipapasa kwa shavu, Dada. Kisha kila msimu tukachagua na kung'oa, mpaka mistari sita ikawa inazaa watoto wa aina moja tu.

Jana Bwana Vasavada akaniita mbele ya watu, akauliza mbegu za mwanzo nilipewa na nani. Nikasema, dada yangu. Wakapiga makofi. Nikainama, nikajifanya nachuma bamia.

Kwa sababu hukunipa. Nilizichukua kwenye kopo lako la mbegu za mama siku ya harusi ya mwanao, mlipokuwa mnacheza nje. Zilikuwa chache, nikaogopa utakataa. Baadaye ukamshutumu mkamwana wako Hansa, bibi harusi wa wiki mbili, kwamba amezitupa, ukakaa miezi hujasema naye. Nilisikia, nikanyamaza. Hansa hana kosa. Mwizi ni mimi.

Leo asubuhi nimemweleza Bwana Vasavada yote. Akasema bamia hii bado haina jina, nichague mimi. Nimeiita Hansa. Tayari imeandikwa kwenye kibao cha shamba kwa rangi nyekundu.

Tafadhali mwite Hansa umsomee barua hii mbele ya mumewe. Jumapili nitafika na mfuko wa mbegu, nisimame mlangoni mnifokee wewe na Hansa mpaka mchoke, halafu tule.

Wasalimie wote, na uanze na Hansa.

Mdogo wako,
Kanku