Mwaka Mmoja Bila Mama Otilia Kaimari, Aliyetufundisha Kuyasoma Maji

Mwaka umetimia leo, Mama Otilia, tangu pumzi ikuishie asubuhi ya tarehe 17 Mei, ukiwa umelala karibu na dirisha linalotazama mto Sepik. Kifua kilikusumbua wiki tatu. Hata hivyo, kila kulipokucha uliuliza maji yamepanda kiasi gani.

Tunakukumbuka kwa chapati zako za unga wa sago zilizoungua pembeni, kwa meno yako mekundu ya kutafuna popoo, na kwa ulimi wako ambao haukumsaza hata padri. Ulivua miaka hamsini. Wanaume wanaochonga mamba kwenye nguzo za nyumba yao ya mikutano walikuja kwako kuuliza mamba wa kweli yuko wapi.

Tunakukumbuka pia kwa woga wako. Hukuuficha. Ulikuwa na miaka tisa dada yako Roza alipochukuliwa na mamba akiosha sufuria, na tangu hapo hukutia mguu majini bila kwanza kukaa kimya ukisikiliza. "Asiyeyaogopa maji haya," ulisema, "hajayaona."

Delfina, binti wa mwanao Leo, alirudi kutoka mjini Wewak masika yako ya mwisho yalipoanza, baada ya duka alilofanyia kazi kufungwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne na hajui kushika kasia. Baba yake akacheka: "Mama, mwache mtoto. Hayo ya kusikiliza vyura ni ya kizamani."

Ukamjibu, "Na wewe ni wa kizamani, nimekuzaa mimi. Nyamaza."

Masika yote yale ulimkalisha mtumbwini, hamvui, hamsemi ila maswali yako. Ndege yangeyange wamesimama wapi? Vyura wamenyamaza upande gani? Mburuzo huu wa mamba kwenye tope, maji yake yametulia au bado yamechafuka? Akikosea, ulimgonga goti kwa mpini wa kasia.

Sasa kuna jambo lilitokea Februari mwaka huu. Tunataka ulisikie kutoka kwetu.

Delfina alitoka kwa mtumbwi na wifi yake Salome, mke wa kaka yake Alois, kwenda kutoa wavu kule ziwani nyuma ya matete. Wavu ulikuwa umenasa kwenye kisiki, hatua tatu kutoka ukingoni, na maji hayakufika hata magotini. Salome akakunja sketi ashuke. Delfina akatazama. Yangeyange wote walikuwa juu ya mti, hakuna hata mmoja aliyesimama chini. Vyura kimya. Na kwenye tope palikuwa na mburuzo mpana kama mtumbwi, maji ndani yake bado yamechafuka udongo.

Akajua mamba yupo. Lakini alisita, Mama, alituambia mwenyewe. Aliogopa kuchekwa kuliko alivyomwogopa mamba. Mguu wa Salome ulikuwa umeshagusa maji ndipo akamshika kiunoni.

"Wifi, usishuke."

"Niachie sketi! Mtu wa dukani wewe, leo ndiyo umekuwa Otilia?"

"Rudi ndani. Keti."

"Wavu ukichanika utausuka wewe?"

Papo hapo wavu ukaanza kwenda. Ulikwenda taratibu, kinyume cha mkondo, na kisiki kikang'oka nao. Kisha kitu kikasugua chini ya mtumbwi, kutoka mbele hadi nyuma, kirefu hata wakadhani hakina mwisho. Salome akafumbua kinywa kupiga ukelele. Delfina akakiziba kwa kiganja. Wewe ulikuwa umemwambia asisimame, asiyapige maji, asifanye haraka. Akapiga kasia moja, akangoja, akapiga lingine, kimya kimya, mkojo ukimtiririka mapajani, mpaka wakafika nyumbani.

Jioni Salome akamletea Delfina chai. Halafu akasema, "Wifi, nilikutukana."

"Nusura nikuache ushuke," Delfina akamjibu. Wakalia wote wawili.

Mamba yule hajaonekana hadi sasa, na hilo ndilo linalotunyima raha. Mwanao Leo hasemi tena habari za kizamani. Wanawake wakitoka, anakaa ukingoni na hali kitu mpaka awaone wanarudi.

Mama, maji yameanza kupungua. Kiangazi kilichopita tulikuwa kwenye msiba wako, majirani wakatulisha samaki. Mwaka huu tutajilisha wenyewe. Nawe ulimfundisha Delfina ya masika tu. Ya kiangazi, mamba wanapojifukia topeni na vyura hawalii kabisa, ulisema utamfundisha maji yakipungua. Amewauliza wazee wote. Kila mmoja anamwambia, "Hayo alikuwa anayajua Otilia."

Kesho asubuhi anakwenda ziwani na Salome, bila wavu. Watakaa mtumbwini na kujifunza kwa kutazama, hata ikiwa siku nzima, hata wakirudi mikono mitupu. Kesho kutwa tena. Wanaogopa. Sote tunaogopa. Tumewaambia wasiache kuogopa.

Unakumbukwa na mwanao Leo na mkazamwanao Bernadeta. Wajukuu zako Delfina na Alois. Mkwe wako Salome, ambaye yu hai. Mdogo wako Kristina. Na wanawake wote wanaovua katika maji yetu.

Hatutakusahau mto ukijaa, wala ukikauka.