Neno Lililobanwa Katikati ya Mistari

La Cumbrera, 4 Machi 2019

Yaneth mwanangu,

Mungu akubariki. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile koo limepona. Mimi sijambo, ila goti linalalamika tangu mvua zianze. Simu zenu zinanipigia kelele sikioni, ndiyo maana naandika. Nakutumia arepa, mikate yetu ya mahindi, na sukari guru kwa mkono wa dereva wa basi. Mwangalie sana huyo, ana meno.

Umesema ofisi yenu huko Manizales imepewa vitabu vya ofisi ya hati ya hapa kwetu, vile vilivyopelekwa mjini baada ya mafuriko, kabla sijaajiriwa pale. Basi nina ombi. Miaka thelathini nimechapa wosia wa watu, wa baba yangu sijawahi kuuona. Kisa unakijua. Baba, Abelardo Tangarife, alimwambia mama yangu Rosa Quiceno, "Binti nimemwandika kwenye wosia," kisha akafa. Wanawe wa ndoa wakasema hakuna kitu, na mama akafa akiitwa mwongo.

Jumapili mmoja wao, kaka yangu Hernando, alinikuta mlangoni mwa duka la mikate. "Edelmira, bado unatafuta baba? Wewe Quiceno tupu!" Watu wakacheka. Shamba lao la kahawa wakae nalo. Mimi nataka kujua kama mama yangu alisema uongo.

Wosia ni wa 1952.

Mama yako


Manizales, 19 Machi 2019

Mama,

Naomba baraka. Koo limepona. Arepa zilifika nne; ulituma ngapi?

Picha za vitabu zimefungiwa kwa mkuu wa hifadhi, na kuonyeshwa lazima niwe na sababu. Ninachopewa mimi ni maandishi yanayotolewa na programu ninayoiandika. Inatafuta maneno kwenye picha. Kila neno inalizungushia kisanduku, inaandika pembe zake nne ziko wapi, neno lenyewe, na alama ya uhakika kuanzia sifuri hadi mia. Visanduku vilivyo kimo kimoja vinapangwa kuwa mstari. Vyenye alama chini ya sitini tunavitupa, maana mara nyingi ni madoa.

Wosia wa Tangarife nimeupata. Una watoto wanne, wote wa mke wa ndoa. "Edelmira" hamna. Samahani, mama. Nimelia hapa mezani mbele ya wenzangu.

Kitu kingine kinanitatiza: neno "vale" limejaa kabla ya sahihi za watu, limekaa tu kama limepotea njia. Nimeiamuru programu ilifute.

Mwanao


La Cumbrera, 27 Machi 2019

Yaneth,

Mungu akubariki, ingawa leo kwa shida. Arepa zilikuwa nane. Dereva nitamshughulikia.

Umefuta "vale"? Mashine yenu imesomea wapi? Sikiliza, msomi wangu. Karatasi ya muhuri haitupwi kwa sababu ya neno moja. Mtu akiwa ameshachapiwa wosia, halafu akakumbuka jambo, tulilibana kwa herufi ndogo juu ya mstari. Kisha, kabla ya sahihi, tulikiri: "Katikati ya mistari: neno fulani. Vale." Yaani lafaa, lina nguvu. Bila hiyo vale, neno ni uchafu. Ikiwepo, hata hakimu haligusi.

Irudishe. Halafu tazama tena juu ya mistari.

Mama yako


La Cumbrera, 6 Mei 2019

Yaneth mwanangu,

Mungu akubariki. U mzima? Hapa wazima. Majuma zaidi ya matano kimya. Kama umeona na habari si njema, sema tu. Nimeshazoea.

Mama yako


Manizales, 20 Mei 2019

Mama,

Naomba baraka, na msamaha wa kimya changu. Sikutaka kukupa habari nusu.

Nimeibadilisha programu. Sasa haitupi kisanduku chochote, na kile kidogo kinachoelea kati ya mistari miwili inakifunga kwenye mstari ulio chini yake. Kwenye wosia wa Tangarife, pale anapotaja watoto wake, vikaibuka visanduku saba: "na binti yangu Edelmira wa Rosa Quiceno." Alama ya uhakika ni thelathini na moja. Kwa hiyo ni mimi niliyekutupa, mama, kwa mkono wangu.

Lakini vale haikusomeka. Mahali pake mashine iliona doa. Sasa nikawa na sababu, nikaomba picha, nikasubirishwa majuma matatu. Nimeiinamia kwa kioo cha kukuza. Maji yamekula nusu ya mstari, ila mbele ya sahihi yake yamebaki haya: "Katikati ya mistari… Edelmira… vale."

Mashine inasema thelathini na moja. Mimi nasema mia. Nakala yenye muhuri imo humu.

Mwanao


La Cumbrera, 2 Juni 2019

Yaneth mwanangu,

Mungu akubariki, akuongezee. Mimi mzima, hata goti limenyamaza.

Nilianzia makaburini. Nilimsomea mama mara mbili, ya pili kwa sauti ili na mzee anayefagia asikie. Nililia sana, mwanangu. Miaka yote ile alibeba neno la kweli na hakuna aliyempokea.

Kisha nikaenda dukani. Hernando alikuwa anakunywa kahawa. Nikamwekea karatasi mbele ya kikombe. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Hii ni sahihi ya mzee," akasema.

"Ndiyo, kaka."

Halafu akavuta kiti cha pembeni yake. "Kaa basi, utasimama mpaka lini?" Nikakaa. Kahawa nililipa mwenyewe, asije akadhani ni urithi.

Nilitaka nikuandikie hapa jina langu lote, kwa mara ya kwanza. Mkono una mazoea ya miaka sabini na moja, ukaliruka la baba. Karatasi sikuitupa. Nimelibana juu.

Edelmira Quiceno

Katikati ya mistari: Tangarife. Vale.

Mama yako