Baba, Usimbariki Karanja

Kambini, ng'ambo

Kwako Baba,

Nakusalimu wewe na Mami, na wote walio hapo kwetu Murera. Goti lako la kushoto linaendeleaje na hii baridi? Na macho? Wambui aliniambia kwa simu kwamba daktari wa Thika amesema jicho la kulia liko tayari kwa operesheni, na wewe ukajibu ungojee ng'ombe azae kwanza. Sijui ng'ombe na jicho wanahusiana wapi, lakini wewe ni wewe. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na mwili wangu wote ninao.

Kwa vile huoni maandishi, najua anayekusomea hii ni mdogo wangu Karanja, maana ameshafika nyumbani kwa likizo ya kuaga kabla ya kuletwa huku. Karanja, niaje? Soma pole pole na usome yote. Usiruke mahali kama ulivyokuwa ukiruka mistari ya Biblia kwa maombi ya jioni ili tule haraka.

Aliyewaletea barua ni Koplo Mutiso, mtu wa Machakos, rafiki yangu. Tangu tufike huku kitanda chake kiko karibu na changu. Mpeni chai na chakula, na huo mkono wake uliofungwa bandeji msiuulize sana. Atawaambia ni ajali ya jenereta. Mwacheni aseme hivyo mbele ya Mami. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu tunapiga tukiwa kwa foleni, wenzangu wamesimama nyuma yangu, na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema watu wakisikiliza. Jina la mahali tulipo siandiki, tumekatazwa.

Baba, nchi hii ungeipenda. Ni milima midogo midogo, udongo mwekundu, mahindi, maharagwe na ndizi kila upande. Siku ya kwanza nilishuka kwa lori nikadhani nimeletwa Gatundu. Nje ya lango la kambi kulikuwa na mama mmoja anaitwa Solanji, anauza ndizi za kukaanga kwa karai. Sisi wote alituita jina moja tu, Kenya. Akinipa ndizi anasema, "Kenya, kula." Ndiye aliyenifundisha lugha yao kidogo, kusalimia, kuuliza bei, kuomba maji. Nilimwonyesha picha ya Nyokabi kwa simu, akacheka, akasema mke wangu ni mzuri kuliko mimi. Hilo halina ubishi.

Nataka nikwambie ukweli wote, si upande mmoja. Tulipokuja, barabara ya kwenda sokoni ilikuwa imefungwa na vijana wenye bunduki, na watu walikuwa wanalipishwa kupita kwenda kuchota maji. Tulianza doria, vijana wakarudi nyuma, barabara ikafunguka. Shule iliyo chini ya kambi ilifunguliwa tena. Asubuhi nilikuwa nasikia watoto wakiimba wakiwa mstarini, nami nasimama hapo langoni nikisema moyoni, mzee wangu alisema kweli, hii ni kazi ya maana. Nilijisikia vizuri sana siku hizo, Baba. Nilikuwa nikijipigia kiatu rangi hata kama hakuna anayekagua.

Karanja alinisimulia vile mlibishana kwa hoteli ya Mama Shiro, wewe na Mwalimu Njoroge. Sijui kama alikuwa anaongeza chumvi, lakini nilisikia kama niko hapo.

"Askari ni kama daktari," ati ulimwambia. "Daktari hachagui mgonjwa wa kwao pekee."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Na hapa kwetu nani amepona? Kule Mwiki mtu hawezi toka stage ya matatu na simu mkononi saa moja jioni. Leta hao madaktari wako Mwiki kwanza."

"Hiyo ni kazi ya polisi, mwalimu. Usichanganye mambo."

"Na ile ya huko ni ya nani? Nani aliwaita? Wewe unajua kwenye mtoto wako ako leo? Mimi wangu ako Ruiru, ameoa, naona akija na gari Jumapili."

Karanja aliniambia uliwaambia watu wote wa hoteli kwamba una wana wawili na wote wawili umeipa nchi, na watu wakapiga makofi. Aliniambia hayo akiwa na furaha, kwa sababu siku hiyo ndiyo jina lake lilikuwa limetoka kwa orodha ya watakaoletwa huku. Nilimwambia network inapotea.

Sasa nikwambie mambo ya huku yalivyogeuka. Kwanza zile nyimbo za watoto ziliisha. Si likizo, niliuliza. Siku moja shule ilikuwa imejaa na iliyofuata mwalimu alikuja peke yake, akafunga madirisha, akaondoka. Halafu nikaanza kuona watu wakivuna mahindi mabichi, Baba. Si ya kuchoma, yale ambayo hata maziwa hayajaingia vizuri kwa punje. Shamba zima wanakata, wanafunga kwa mashuka, wanabeba. Wewe ulinilea kwa shamba. Unajua mtu hawezi kufanya hivyo kama anatarajia kuwa hapo mahindi yakikauka.

Baada ya mahindi wakaanza kutoa mabati. Mchana, polepole, bila kelele. Mzee anapanda juu ya nyumba yake mwenyewe, anang'oa misumari, anaiweka mfukoni, anamshushia mkewe bati moja moja. Kisha wanang'oa mlango na fremu yake. Nikipita na doria nawasalimia kwa lugha yao, na wanaangalia chini. Mbwa wameachwa. Wanakuja langoni kwetu, wanalala hapo wakitazama ndani, hawabweki. Tulikuwa tukiwafukuza, siku hizi tumewaacha.

Solanji naye alikuja mara ya mwisho bila karai. Alisimama mbali kidogo, akaniuliza kwa ile lugha alinifundisha, "Kenya, mnaondoka lini?" Nikamwambia sisi tuko karibu kumaliza zamu, lakini wenzetu wengine wanakuja kushika nafasi. Nilidhani nampa habari njema. Alinitazama, akauliza kama hao wanaokuja wana mama zao. Nikasema ndiyo, wana mama. Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani akaenda, na tangu siku hiyo sijamwona. Nyumba yake haina paa.

Kamanda anajua. Si mjinga, ameona yote tunayoona. Ameongeza magunia ya mchanga ukutani na amekataza mtu kukaa kando ya uzio wa upande wa mto. Tukimuuliza kuna nini anasema, "Fanyeni kazi yenu." Usiku hakuna taa hata moja kwa vilima vyote, na zamani zilikuwepo.

Mutiso aliumia tukiwa doria, kwa ile barabara ya soko tuliyoifungua sisi wenyewe. Lori lilikuwa limepunguza mwendo kwa sababu ya mawe yaliyowekwa njiani. Risasi ilitoka kwa nyumba moja ambayo haikuwa na paa, ikapita kwa mkono wake ulioshika mlango. Ilikuwa moja tu, halafu kimya. Waliopiga hawakutaka kupigana, walitaka tujue wako hapo. Nilimfunga mkono na shati langu la ndani, fundo likafunguka mara mbili, Baba, naomba usicheke. Nilikuwa nimeogopa na bado naogopa.

Jana jioni tuliongea, maana kesho anarudishwa nyumbani. Nilimuuliza kama bado anaona ilikuwa sawa kuletwa huku.

"Ndio," akasema. "Si uliona ile shule?"

"Shule imefungwa, Mutiso."

"Ilifunguliwa kwanza. Hiyo hakuna mtu anaweza toa. Na kama si sisi, basi nani? Kila nchi ikisema ikae kwake, hawa watu waende wapi?"

"Na wewe mkono wako?"

"Mkono ni wangu, niliuleta mwenyewe." Halafu akasema, "Hii barua yako nitaipeleka. Lakini sikubaliani nayo, ujue hivyo."

Kwa hivyo Baba, usifikiri nimekuja upande wa Mwalimu Njoroge. Sijui kama nchi inafaa kutuma askari wake ng'ambo ama haifai. Nikimsikia Mutiso naona anasema kweli, nikimkumbuka Solanji naona Mwalimu ndiye anayesema kweli. Hayo wacha wakubwa wabishane, na nyinyi mbishane kwa Mama Shiro mpaka chai ipoe. Mimi naongea juu ya nyumba moja tu, hiyo yetu ya Murera.

Ile picha yako iliyo juu ya televisheni, ya kofia ya bluu ulipokuwa askari wa kulinda amani, nimeitazama tangu nikiwa mdogo. Ndiyo ilinifanya niwe askari na ndiyo imemfanya Karanja. Lakini wewe mwenyewe ulitusimulia vile mlifika huko mkiwa vijana, wale watu walikuwa wamechoka na vita, wameweka sahihi, wanawangojea. Mlicheza nao mpira. Mlienda kulinda amani iliyokuwa hapo. Sisi tumeletwa tuitafute, na walio nayo wameihamisha pamoja na mabati yao. Si safari moja, Baba. Ukiwaambia watu wa hoteli kwamba ni ile yako, unakosea, na ndilo kosa moja ninaloona ukifanya.

Unakumbuka asubuhi niliyoondoka? Ulinisimamisha uani, ukaniambia nifungue shati. Nilifungua vifungo viwili, nikiona haya kidogo kwa sababu dereva alikuwa anatazama. Ukanitemea mate ya baraka kifuani mara mbili, vile babu alikufanyia wewe na vile wazee wetu wamefanya siku zote, ukasema nenda, na Ngai aende nawe. Mami alisimama mlangoni na sufuria ya uji mkononi mpaka uji ukapoa. Vijana wengine hapa wanacheka mambo hayo. Mimi sicheki. Kila nikitoka langoni nashika hapo kifuani, na siku ile ya Mutiso nilishika.

Karanja naye ni mtoto wako kama mimi. Ana bunduki, ana cheo, lakini hawezi kupanda ndege bila kusimama hapo uani mbele yako. Hilo unalijua na yeye analijua. Nimeuliza hapa, na aliyejitolea kama yeye anaweza kuondoa jina lake kabla ya siku ya kuondoka bila kuadhibiwa. Atachekwa kidogo kambini, basi. Zamu yangu ikiisha, kikosi chake ndicho kitashika lango hili. Atasimama mahali nimesimama nikiandika haya, na mbwa hawa watamtazama.

Baba, sijawahi kukuomba kitu kigumu. Akija na kusimama mbele yako, usimbariki. Usimlaani, usimkemee, usiseme neno baya lolote juu ya kazi yetu. Mwambie tu mdomo umekauka. Mwambie umetoa mtoto mmoja na huyo anatosha hadi arudi. Watu wa hoteli wakiuliza, waambie ni mimi nilisema. Wacha wanione mwoga, niko mbali, sitasikia.

Nisalimie Mami, umwambie uji wake ndicho kitu ninachokosa kuliko vyote. Nisalimie Wambui dada yetu na mumewe, na watoto wao watundu. Nyokabi wangu kule Mwiki mwambie nitampigia, lakini haya ya mahindi na mabati msimwambie, anahesabu siku na hajalala vizuri. Mwalimu Njoroge pia msalimie, na umnunulie chai siku moja bila kubishana, ikiwezekana. Na wewe nenda ukatolewe hiyo ngozi ya jicho, ng'ombe atazaa hata usipomwangalia.

Karanja, umefika mwisho na najua umekasirika. Najua pia sauti yako imebadilika tangu mahali fulani hapo juu, na Baba amesikia, hata kama haoni uso wako. Wewe ni mtu mzima, siwezi kukuamuru. Lakini nakuomba kama kaka yako, kabla hujakunja karatasi hii: kama ulikuwa umeshafungua shati, lifunge.

Ni mimi mwanao,
Ndung'u