Mkono Aliokuficha Mama

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ukiwa unafunga kamba za viatu uende kazini. Moyo wako ndio ulioamua. Hukutupa hata nafasi ya kubishana nawe, na ubishi ulikuwa unaupenda.

Ulikuwa daktari mpasuaji wa bega, kiwiko na kiganja. Ulisoma miaka kumi na minne, na baba mdogo hakuacha kukuchokoza: "Miaka yote hiyo, halafu unatibu kidole?" Nawe ulimjibu, "Funga vifungo vya shati lako bila dole gumba, kisha njoo tuongee." Siku moja alijaribu. Alikaa sebuleni kifua wazi mpaka chai ikapoa.

Miaka ya mwanzo ulikuwa msaidizi tu, unashikilia mkono wa mgonjwa saa nzima wakubwa wako wakipasua. Baadaye ukawa mwalimu, na wanafunzi wako wakatapakaa hospitali nyingi. Hukuwa mpole kwao, lakini kila aliyekosea ulimkalisha chini ukamweleza upya.

Nyumbani hukusalimia kama watu wengine. Ulishika mkono, ukabonyeza shina la dole gumba, ukakunjua vidole kimoja kimoja. Mkweo siku ya kwanza alidhani unamsoma nyota.

Mama peke yake hukumpata. Miaka minne, kila ulipoingia, mkono wake wa kulia ulikuwa na sabuni, au unga, au umeshika ufagio. Vidole vilikuwa na ganzi na vikombe vilimponyoka. Sisi watoto tulijua, akatuapisha tusiseme. Hakuogopa kisu, alikuogopea wewe. Alimkumbuka yule fundi cherehani ambaye vidole vyake viligoma kukunjika baada ya wewe kumpasua, ukakaa wiki tatu huli wala husemi. "Wangu ukiharibika, atakufa yeye," alituambia. Tukanyamaza. Nyumba ya daktari wa mikono, na mkono ulikuwa unakufa jikoni.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo kilichotuumbua sisi ni chako. Kwenye msiba alikuja mwanafunzi wako, yule uliyembandika jina Taratibu kwa sababu ya haraka zake. Alimpa Mama mkono wa pole, na hakuuachia. Alitazama shina la dole gumba, pale ambapo nyama imekwisha na pamebonyea.

"Mama," alisema, "Mzee alijua."

Kumbe ulimwambia mkiwa mnanawa kabla ya kuingia kwenye upasuaji: "Mke wangu ananificha mkono, nami najifanya sioni. Nimepasua watu wengi, lakini huo mmoja naogopa." Akakuomba umpe yeye kazi hiyo. Ukamwambia asubiri kidogo.

Mama alikasirika, Baba, hatutakuficha. Alijifungia chumbani akakugombeza kwa sauti, wewe peke yako, mpaka akachoka. Mganga hajigangi, sawa, lakini waganga uliowafundisha mwenyewe walikuwa wamejaa tele! Kisha akakataa kupasuliwa, miezi kumi mizima. Mwezi uliopita alishika sufuria ya moto kwa mkono ule, na hakujua kwamba anaungua mpaka aliposikia harufu.

Taratibu anasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono kwa muda mrefu mno. Akiufungua, huenda vidole vikahisi tena, huenda visihisi. Asipoufungua, dole gumba ndiyo basi. Tulimuuliza kama mkono wake yeye hautatetemeka. "Utatetemeka mpaka nikishika kisu," alisema. Hatujui kama jibu hilo lilitutuliza.

Jana alimuuliza Mama swali ambalo uliwafundisha wote waanze nalo: "Mkono huu kazi yake nini?"

Mama aliutazama sana. "Miaka minne kazi yake ilikuwa kumkwepa mume wangu," alisema. "Sasa sijui."

Tarehe ya upasuaji ameichagua mwenyewe, leo hii. Tulimsihi aahirishe, presha yake haitulii, na tarehe hii hatuipendi. Hakusikia la mtu. Tangazo hili likisomwa, atakuwa ameshaingia, nasi tutakuwa kwenye benchi nje ya mlango ule uliokuwa unaupita kila siku. Tunaogopa, Baba. Tunakwambia wazi mbele za watu kwa sababu kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa.

Unakumbukwa na mdogo wako, wanao watatu, mkweo, wajukuu wako wawili, Taratibu na wanafunzi wenzake wote, na mkeo.

Hatutakusahau hata siku moja, Baba. Ila leo, tafadhali, usimwite.