Mtama Uliomwagika Bendera

Jumatatu, 13 Mei 1974
Tangu alfajiri niko kwenye shamba la majaribio, hapa Bendera. Nimefunika masuke ya mtama chotara kwa mifuko ya karatasi, nikafunga uzi, upepo usiyachanganye na mengine. Mikono inawasha. Mvua hakuna tangu Pasaka.
Mtama wa kawaida umekunja majani, umekuwa kama majani ya vitunguu. Chotara umesimama, kijani kabisa. Mama yake ni mtama mweupe wanaoula watu wa hapa. Baba yake ni mtama mwitu, niliuchimba mwenyewe mtaroni. Naogopa kufurahi.

Jumamosi, 25 Mei
Mama Naetwe kaniletea makande. Shamba lake limepakana na letu la majaribio. Mjane, alishushwa kutoka mlimani kijiji kilipoanzishwa. Hajalizoea joto la huku, wala mimi wa Usangi milimani sijalizoea.
"Mtama wangu mwaka huu una nguvu, mwanangu. Utadhani unamwagiliwa."
Mbegu ni ya shamba lake mwenyewe, aliiweka msimu uliopita. Nimeutazama. Mashina mengine marefu mno, masuke yamechanua kama ufagio. Sikuyapenda. Nimemsifia makande.

Jumanne, 11 Juni
Nimefungua mfuko wa kwanza. Suke tupu. Punje zote zimeangukia ndani ya mfuko. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Baada ya hapo nilikuwa natikisa tu na kusikiliza.
Zikikomaa zinajiachia, kama za mwitu. Nani atavuna mtama wa namna hiyo? Labda kizazi cha pili kingetoa masuke machache yanayoshika punje. Kwa mvua ipi?
Sikula.

Alhamisi, 13 Juni
Mama Naetwe kapiga hodi asubuhi. "Bibi shamba, njoo uone. Mtama wangu unamwagika."
Nimekwenda. Upepo ukipita kidogo tu, punje zinaanguka vumbini. Karibu nusu ya shamba. Ndege wameshuka, hawaogopi hata mawe.
"Ni ugonjwa gani huu?"
Nimesema sijui.
Najua. Mwaka jana nilipanda mtama mwitu mpakani mwake, maana udongo wa pale ni mzuri. Upepo ukabeba chavua, ule unga wa maua, hadi kwake. Akavuna mbegu zilizochanganyika, akazipanda. Hana kingine cha kula hadi vuli.

Ijumaa, 14 Juni
Bwana Mkubwa, mkuu wangu wa kazi, kaja na Landrova kutoka mjini Same. Nimemweleza yote. Kasikiliza akiwa ameshika mlango wa gari.
"Wanakijiji usiwaambie kitu. Ukame upo, sababu inatosha. Wewe nitunzie mbegu za chotara."
Kaondoka. Namchukia. Najichukia zaidi.

Jumapili, 16 Juni
Nimemwambia Mama Naetwe. Nimemngoja atoke kanisani, tukakaa kibarazani kwake. Nilieleza vibaya, nilirudiarudia.
Kavua kitambaa cha kichwa, kakikunja. Kisha: "Kwa hiyo ni yale magugu yenu."
"Ndiyo, mama."
"Mwaka jana nilikuja na jembe niyang'oe. Ukanikataza."
"Ndiyo."
"Ukasema ni ya serikali."
Nilisema hivyo kweli. Kaingia ndani, kafunga mlango. Mchana kweupe, mlango umefungwa.

Jumatatu, 17 Juni
Nimeng'oa kila kitu. Chotara, mwitu, hata mbegu zilizokuwa kwenye mifuko. Nimechoma. Kazi ya misimu mitatu imewaka haraka kuliko kuni za chai. Bwana Mkubwa atanifukuza. Na anifukuze.
Haisaidii. Punje zilizoanguka shambani kwa Mama Naetwe hazing'oki. Mvua ikija zitaota, na zitamwagika tena.

Jumamosi, 22 Juni
Nimekwenda kwake na ungo na ufagio wa chelewa: zitakazookotwa atakula, na hazitaota. Alikuwa ameinama katikati ya shamba, anakusanya punje vumbini.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba." Hakuinua kichwa.
Nimeanza upande wa pili. Kufagia, kupepeta, kuchambua mchanga. Punje ni ndogo, nyeusi, ngumu. Ndege walikuwa wanatufuata nyuma.
Jua lilipokuwa kali kaingia nyumbani, akarudi na kikombe cha maji. Hakunipa mkononi. Kakiweka chini, karibu na ungo wangu, akarudi alipokuwa.
Nimekunywa. Tumeendelea hadi jioni.