Mafuta ya kondoo kwenye breki

Karatu, Agosti 1984. Mwaka wa kumi tangu tuhame Nainokanoka, kwetu kule mlimani.

Kitabu cha gari kilisema grisi kidogo, isiyoyeyuka kwa joto. Mimi nikapaka breki mafuta ya kondoo, kama tupakavyo kila kitu. Leo mteremkoni yakayeyuka, breki zikakataa. Landrova kuukuu niliyoifufua ili iturudishe kwetu ikaparamia ua wa jirani, mke wangu akiwa ndani ya gari.

Fundi alifungua gurudumu, akanusa. “Mzee, ulikuwa unaikaanga?”

Watu wakacheka. Nikasema aliyeniuzia gari ndiye aliyepaka. Mke wangu, aliyeyachemsha mafuta yale mwenyewe, alinitazama, akageuka akaondoka.

Nyumbani akasema, “Baba Naisula, mlima ule hunipandishi.”

Uongo wangu ndio uliomkatisha tamaa, si breki. Bila yeye siendi. Sitarudi Nainokanoka.